Juzuu ya Thelathini na Moja

Kaa vizuri, msikilizaji wangu, na kama kuna kitabu karibu nawe, kivute. Tuanze na jambo dogo ambalo watu hawalifikirii. Kiweke mbele yako kana kwamba unataka kukisoma. Kama ni cha Kiswahili au cha Kiingereza, mgongo wake uko upande wa mkono wako wa kushoto. Sasa fikiria msahafu, au juzuu yoyote uliyowahi kupewa kwenye hitima. Mgongo uko kulia. Hakuna anayekumbuka alifundishwa lini, mkono wenyewe unajua. Mimi niliyajua haya mawili kabla sijajua kufunga kamba za viatu, kwa sababu mchana nilisoma skuli na jioni nilisoma chuoni, yaani madrasa, na kila siku mkono wangu ulibadili upande bila kuniuliza. Ndiyo maana kosa nililolifanya nikiwa na miaka tisa linaniuma mpaka leo. Mtoto mwingine angeweza kusema hakujua.

Mwezi uliopita tulimhamisha Mama kutoka mtaa wa Nechells kwenda mtaa wa Northfield, katika mji wetu huu wa Kiingereza, kwenye fleti ya chini isiyo na ngazi, maana magoti yake yamechoka. Mama alikuwa jikoni akiwalazimisha vijana wa gari la mizigo wanywe chai kwanza ndipo wabebe kitu. Mimi nilikuwa sebuleni natoa vitu kabatini. Nyuma ya mashuka ya wageni nikalikuta bati kubwa la biskuti ambalo kwetu halijapata kuwa na biskuti. Ndimo zilimokaa juzuu zetu za msahafu. Nilipolifungua, harufu ya ubani wa zamani ikapanda, na kabla sijagusa kitu nilijua kilichopo chini kabisa. Kitabu kifupi, kinene kuliko wenzake, kilichovalishwa karatasi ya ukutani, ya kijani yenye maua meupe. Nilikaa kitako juu ya zulia lililokwisha kukunjwa, na sikuinuka mpaka chai ya wale vijana ilipokwisha.

Karatasi ile ilitoka kwa Bi Rukia, mwalimu wetu wa chuo. Alikuwa Mzanzibari kama Mama, na alitusomesha watoto kumi na wawili katika chumba chake cha mbele, dirisha likitazama ukuta wa ghala la matairi. Siku za joto harufu ya mpira iliingia mpaka kwenye kurasa. Bi Rukia alikuwa na sheria moja asiyoilegeza: kitabu hakikai uchi. Kila mtoto aliyeanza juzuu mpya alipewa kipande cha karatasi iliyobaki alipopambisha ukumbi wake, akafundishwa kukata, kukunja pembe na kubana bila gundi. Basi kila nyumba ya Waswahili mitaa ile ilikuwa na juzuu za kijani zenye maua meupe, na ukiziona popote ulijua zimepitia mikono ya nani.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mama alifanya kazi ya usafi katika hospitali moja upande wa Edgbaston, na alitoka na basi la kwanza, sisi bado tumelala. Baba yetu alikuwa amerudi Unguja kitambo na ana familia nyingine huko. Kaka yangu Salum alikuwa na miaka kumi na mitano. Amepewa jina la babu mzaa mama, kwa hiyo Mama hakumwita kwa jina hata siku moja. Alimwita Baba. Baba njoo ule, Baba vua viatu mlangoni. Marafiki zangu wa skuli walishangaa mtu kumwita mwanawe baba, na mimi nilishangaa kwamba wao hawana anayeitwa hivyo kwao.

Mwaka ule Salum alifukuzwa skuli kwa kupigana. Wakampeleka kituo cha watoto waliofukuzwa, wanafunzi wachache na walimu wachache, geti linalofungwa kwa nyuma. Mwalimu mmoja wa pale alimpenda. Siku moja alimpa kitabu, akamwambia akisome akipata nafasi, ni kisa cha kweli, aliyekiandika ni mwalimu wa Japani na yaliyomo yalimpata mwenyewe. Kilikuwa hadithi ya picha za kuchora, aina wanayoiita manga, iliyotafsiriwa kwa Kiingereza. Salum alirudi nacho, akachana ukurasa mmoja ili aandike namba ya simu aliyokuwa akisomewa, kisha akanitupia kitandani. Alisema ni vikaragosi, vinanifaa mimi.

Nilikuja kujua nikiwa mkubwa kwamba vitabu vile vikitafsiriwa huwekewa ukurasa wa onyo mahali ambapo msomaji wa Kiingereza atafungulia. Simama, unasema, hapa ni mwisho, geuza kitabu uanzie upande wa pili. Wajapani husoma kama tusomavyo msahafu. Ukurasa huo ndio Salum alioutia mfukoni ukiwa na namba ya simu.

Kwa hiyo mimi nikaona herufi za Kiingereza, mkono wangu ukafungua Kiingereza. Nikaanza kushoto.

Nataka uelewe nilichokiona, kwa sababu bila hicho hutaelewa nilichokifanya. Kitabu changu kilianza na mtu mwembamba mwenye koti jeusi, amesimama peke yake kwenye mvua mbele ya jiwe la kaburi, ameshika maua. Baadaye kukawa na hospitali, na mvulana kitandani, amefumba macho. Kurasa zikaendelea, mvulana akawa yu macho lakini amekonda, amejikunyata chini ya daraja. Halafu yuko na wanaume wenye suti mbaya wanaompa mfuko. Halafu anagombana na mama yake. Halafu yuko darasani amelala juu ya dawati. Na mwishoni kabisa, maua yamefunika mti wote, mvulana ana mashavu, anacheka na wenzake getini, na yule mwalimu wa koti jeusi anatokea kwa mbali, anamfikia. Mvulana anasema, "Nimekula." Mwalimu anauliza, "Umekula?" Hapo kitabu kinaisha.

Maneno yaliyoandikwa kwa herufi ndogo kwenye visanduku niliyaruka, yalikuwa magumu. Majibu yaliyotangulia maswali hayakunisumbua. Kwetu Mama alijibu kabla hujauliza, na Salum alikataa kabla hujaomba, nikaona na Wajapani ndivyo walivyo. Nilichokielewa kilinitosha. Mtoto huanza kaburini, akapita pabaya, akafika kwenye maua. Na mwalimu akishauliza lile swali, ambalo ndilo Mama alilotuuliza kila alipoingia mlangoni, ushakula, basi yamekwisha, umeokoka.

Nilikipenda kitabu kile kupita kiasi. Nilikivalisha karatasi ya Bi Rukia, kwanza kwa mapenzi, pili kwa sababu Mama hakupenda picha za watu zikae kabati moja na maneno ya Mungu. Kilipovaa kijani nilikitia kwenye bati la juzuu, na hakuna aliyekitazama mara mbili.

Sasa Salum. Alianza kukaa na koti ndani ya nyumba. Heta zikiwaka, dirisha limefunikwa na mvuke, yeye amekaa na koti lililofungwa mpaka shingoni, kama mtu anayengoja kuitwa. Akawa na simu mbili, ile yake na nyingine ndogo ya vitufe. Akawa anakosekana siku moja, halafu mbili, na akirudi ananuka moshi wa nyumba ya watu wengine. Mama akiuliza anaambiwa amelala kwa rafiki yake. Jumapili moja, Mama yuko kazini, niliingia chumbani kwake kutafuta mkasi na chini ya kitanda nikakuta kisu kirefu kimeviringishwa ndani ya soksi ya kuchezea mpira. Nilikuwa bado nimekishika alipoingia.

Hakunipiga. Alikichukua taratibu, akakaa kitandani, akanivuta nikae. Halafu akasema nami kwa Kiswahili. Salum siku zote alinijibu kwa Kiingereza, hata Mama mwenyewe akimsemesha, alimjibu kwa Kiingereza. Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto mdogo, maana aliacha kukitumia akiwa mdogo, na kumsikia akikitafuta kuliniogopesha kuliko kisu.

"Ukimwambia Mama atalia," alisema. "Unataka Mama alie?"

Nikasema sitaki.

"Hawa watu si wa mchezo. Napeleka vitu vyao kwenye treni, mji wa baharini, narudi. Nikimaliza wataniacha. Bado mara tatu."

"Tatu kweli?"

"Tatu, dada. Hesabu wewe."

Usiku ule, kabla ya kulala, nilikifungua kitabu nikatafuta pale wanaume wenye suti wanapompa mvulana mfuko. Palikuwa katikati. Kurasa zilizobaki kufikia maua nilizishika kati ya vidole viwili, hazikuwa nene. Nikapata raha kubwa. Salum alikuwa kwenye ukurasa mbaya, lakini ukurasa mbaya haukuwa mwisho. Kumwambia Mama, nilifikiri, ni kama kumzuia mtu katikati ya ngazi.

Mama aliniuliza wiki ile ile. Nakumbuka alikuwa anaosha mchele, mkono wake ukizunguka ndani ya bakuli na maji yamekuwa meupe kama maziwa. Aliniuliza bila kunitazama.

"Baba anakwenda wapi siku hizi?"

"Kwa rafiki zake. Wanacheza gemu."

"Huko wanampa chakula?"

"Wanampa." Kisha nikaongeza, kwa sababu nilitaka kumfurahisha, "Usijali, Mama. Bado kidogo tu."

Mkono wake ulisimama ndani ya mchele. Alinitazama, muda mrefu kuliko mtu anavyomtazama mtoto aliyesema jambo la kawaida. Maji yalikuwa yakimwagika. Halafu akafunga mfereji, akaniambia nilete sufuria.

Safari ya kwanza Salum alikwenda akarudi. Nilihesabu. Ya pili akarudi na jino limevunjika, nikahesabu. Asubuhi ya safari ya tatu ilikuwa siku ya likizo, nilikuwa jikoni, yeye alikuwa amekaa kwenye ngazi na koti lake, hajavaa viatu. Viatu vilikuwa mbele yake. Alikuwa anavitazama tu. Hata leo nikifumba macho naziona soksi zake, moja nyeusi, moja ya buluu. Nikaona saa imefika. Mwalimu hayupo, Japani ni mbali, lakini swali ninalo. Nikamwendea, nikasimama mbele yake kama yule mwalimu alivyosimama.

"Ushakula?"

Aliinua uso. Kwanza alikaribia kucheka. Halafu hakucheka. Mdomo wake ulifunguka kama mtu anayetaka kusema jambo refu na anatafuta pa kuanzia, akanisogezea nafasi pale kwenye ngazi, kidogo, kwa upana wa mtoto.

"Nimekula," alisema mwishowe.

Nami nikafurahi, nikarudi jikoni. Nilikuwa nimesikia maneno yote mawili niliyoyahitaji. Nilisikia mlango ukifungwa.

Walikuja polisi wawili, mwanamke na mwanamume, wakavua kofia mlangoni. Salum alikuwa amechomwa kisu kwenye ngazi za nyumba moja huko kwenye mji wa baharini, alikopeleka dawa za kulevya za wale watu, na alikuwa amekufa kabla hajafikishwa hospitali. Mama anajua Kiingereza cha kutosha. Kazini huwatafsiria wengine. Lakini siku ile alinigeukia akauliza, "Wanasemaje?" Nikamwambia kwa Kiswahili. Nilikuwa na miaka tisa na ni mimi niliyemwambia.

Hitima ya wanawake ilisomwa nyumbani kwetu, wanaume wakiwa msikitini. Walisogeza makochi, wakatandika mashuka meupe, ubani ukafukizwa hadi dari likapotea. Wewe ambaye hujawahi kukaa kwenye hitima, ni hivi: msahafu umegawanywa sehemu thelathini, kila mmoja anapewa sehemu yake, wote wanasoma kwa pamoja kwa sauti ya chini, na kwa muda mfupi kitabu kizima kinakuwa kimesomwa kwa ajili ya marehemu. Bi Rukia alilifungua bati letu la biskuti, akaanza kugawa. Alikuwa akihesabu kwa midomo, kila juzuu na mtu wake. Alipofika thelathini, bado mkononi mwake kulikuwa na moja.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na goti lake. Niliiona, nikaijua.

Bi Rukia aliigeuza akitafuta namba yake. Akaiweka kwenye mapaja, mgongo kulia, kama mkono wake ulivyozoea miaka yote, akafungua. Na pale, kwenye ukurasa wake wa kwanza, palikuwa na mti wa maua na mvulana mwenye mashavu anacheka getini.

Chumba kilikuwa kinanguruma kwa kusoma, hakuna aliyetuangalia. Bi Rukia hakukasirika. Aligeuza ukurasa wa pili, na wa tatu, polepole, macho yake yakitoka kulia kwenda kushoto, na niliona uso wake ukibadilika kama uso wa mtu anayefuata kisa. Aligeuza mpaka akafika chini ya daraja, akakifunga. Akaniinamia sikioni.

"Hiki nacho kinaanzia kulia, mwanangu," alisema. "Kiweke. Si kitabu cha kusoma leo."

Alidhani ananifundisha kitu kidogo. Nilikaa na kile kitabu mapajani, wanawake wakimaliza juzuu zao mmoja mmoja na kuzifunga, na kila picha ikaanza kuhama mahali pake. Maua yalikuwa mwanzo, na kaburi lilikuwa mwisho. Kurasa nilizozishika kati ya vidole viwili, nikapata raha, zilikuwa zile ambazo mvulana alikwisha kuzipita.

Baadaye nilikisoma kutoka kulia, pamoja na yale maneno madogo. Ukurasa wa kwanza, kumbe, mwalimu hamfikii mvulana. Anamwuliza kama amekula, mvulana anasema amekula, na mwalimu anaondoka. Lile koti jeusi nililoliona kwa mbali ni mgongo wake. Kwenye kisanduku ameandika kwamba mvulana yule alikuwa hajala tangu juzi na kwamba yeye alikuwa na treni ya kuwahi. Kitabu kizima, kurasa zote zinazofuata, ni mwalimu akijaribu kurudi kwenye lile geti na kushindwa. Hakuna mahali anapojisamehe. Nilitafuta.

Siku ile ya kuhama, vijana wa mizigo walipoanza kubeba vitanda, nilimpelekea Mama kitabu jikoni, nikamweleza yote. Kisu, hesabu ya tatu, ngazi. Miaka yote hii nilikuwa sijamwambia. Nilidhani atalia, au atanipiga hata kwa umri huu, na nilikuwa tayari kwa lolote. Alikuwa anafunga vikombe kwenye magazeti. Alifunga kimoja, akafunga cha pili.

"Nilijua kama unajua," alisema. "Siku ile ya mchele."

Nikamwuliza kwa nini basi hakunikazania.

"Niliogopa utaniambia."

Akaendelea na vikombe. Sote wawili tulikuwa tumemwuliza Salum kama amekula, kila siku, na sote tulichukua jibu lake tukaenda zetu. Sasa Mama yuko Northfield, ana dirisha zuri linaloingiza jua, na kila nikimtembelea ananiuliza mlangoni kama nimekula, kisha anasimama pale pale, ananitazama uso mpaka nishindwe kudanganya. Amechelewa kujifunza. Nami nimechelewa. Najua hivyo, na sitakudanganya kwamba kuna kilichorudi kwa kujua.

Lakini wewe umenisikiliza hadi hapa, na huenda nyumbani kwako yuko anayekaa na koti ndani. Hutakiwi kuwa mwerevu, wala huhitaji maneno mapya. Nenda kamwulize kama amekula. Akikujibu ndiyo, usiondoke: vua koti lako wewe kwanza, na ukae naye hapo hapo alipo.